Meza ya Mama Gundi

Kuna watu ambao ukiwaambia wajisifu, ni sawa na kuwaambia wavue nguo sokoni. Mama Gundi alikuwa mmoja wao. Miaka ishirini na saba alikaa katika chumba cha nyuma cha maktaba, kile kilicho kati ya stoo na choo cha wafanyakazi, akishona vitabu vilivyochanika, na katika miaka yote hiyo hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kumwambia ahsante. Si kwamba wasomaji walikuwa na roho mbaya. Hawakujua kama yupo. Na yeye mwenyewe ndivyo alivyotaka, maana kwake fundi wa vitabu ni yule ambaye akimaliza kazi, mtu anakifungua kitabu, anasoma, anakirudisha, wala hajui kwamba mwezi uliopita kitabu hicho kilikuwa vipande vipande ndani ya boksi.

Jina lake kamili lilikaa kwenye orodha ya mishahara tu. Kuanzia mfagizi mpaka mkubwa wa kazi, wote walimwita Mama Gundi, naye aliitika. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa gundi na nta ya uzi, na akikushika mkono kukusalimia ulihisi umeshikwa na gome la mti. Alikuwa mtaratibu, mcheshi kwa watu aliowazoea, na mbishi. Tena mbishi haswa. Ndugu yake alisema dada yake angeweza kubishana na saa ya ukutani.

Basi akaletwa Mkutubi Mkuu mpya. Mwanamume nadhifu, shati limenyooka, mwenye mazoea ya kupima vyumba kwa hatua zake mwenyewe. Siku ya kwanza kuingia chumba cha ukarabati hakuangalia vitabu. Alitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, akarudi, akakata upande wa pili.

"Hatua saba kwa tano," akasema. "Chumba kizuri hiki."

Moyo wa Mama Gundi ukapiga paa! Mtu akianza kukusifia chumba chako kwa vipimo, jua keshaanza kukuhamisha.

Na kweli. Mkuu akavuta kigoda, akakaa, akamweleza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Bodi ilikuwa inataka kukifunga kitengo cha ukarabati. Wajumbe walisema hawaoni kazi inayofanyika humo. Vitabu vikichakaa, vifutwe kwenye daftari, viletwe vingine.

"Wewe huachishwi kazi, mama, ondoa wasiwasi. Tutakupeleka getini, ukakague mikoba. Mshahara ule ule. Kazi ya kukaa tu."

"Getini?"

"Kivulini. Na kiti utapewa."

Mama Gundi alikuwa ameshika kitabu cha ndege. Nakieleza hapa kwa sababu ndicho kilichomponza. Kilikuwa kitabu kikubwa, kizito, chenye picha za rangi za ndege wa kila aina, na maktaba nzima ilikuwa nacho kimoja tu. Watoto wa shule walikipenda mpaka wakakiua. Mgongo ulikuwa umebanduka, kurasa zinaning'inia kwa nyuzi mbili, picha za bundi zimetoka zote, jalada la nyuma limekunjika pembe tatu. Mkuu alikitazama akakunja pua.

"Kwa mfano hicho," akasema. "Hicho si kitabu tena. Ni kabichi iliyokanyagwa."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Mkuu."

Mkuu akacheka. "Methali haiingii kwenye ripoti, mama. Sikiliza, mimi nataka kukusaidia. Mwezi ujao tuna maonyesho ya wasanii wa hapa kwetu, pale ukumbini. Nitakupa meza. Wajumbe wote wa bodi watakuwepo, na wakishazunguka wataingia kikaoni hapo hapo. Waonyeshe unachofanya. Wakikiona, chumba ni chako mpaka unastaafu. Wasipokiona, mimi sitakuwa na la kuwaambia."

Haya. Mtu angependa kupewa nafasi gani zaidi ya hiyo?

Ndugu yake alipopata habari alirukaruka kwa furaha. Huyo mdogo wake alikuwa mchoraji, wakimwita Brashi, na Mama Gundi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamlipia shule, akamvumilia alipoacha shule, akamnunulia hata rangi zake za kwanza. Tofauti yao ilikuwa mbingu na ardhi. Brashi alichora picha za ukubwa wa mlango, na jina lake akaliandika chini kwa herufi ambazo kipofu angezipapasa. Naye alikuwa ameingia kwenye maonyesho hayo hayo, na picha saba.

"Sasa dada, nisikilize mimi mtu wa maonyesho," akamwambia, amekalia meza ya watu bila aibu. "Chukua kitabu kibovu kuliko vyote. Kiweke kama kilivyo. Pembeni yake weka ulivyoshona. Mtu anaona huku, anaona huku, kwisha maneno. Watu hawaoni kupona, dada. Wanaona kidonda."

Mama Gundi akaguna. Lakini akili ilikuwepo ndani ya maneno hayo, alikubali. Akakiweka kitabu cha ndege kwenye rafu iliyo mbele ya meza yake, akamwahidi mdogo wake kwamba hatakigusa.

Ahadi ni deni, na dada yetu huyu hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Lakini hebu fikiria. Daktari umwambie akae wiki tatu chumba kimoja na mgonjwa anayelia, dawa anayo mkononi, na asimtibu! Kila asubuhi akifungua mlango, kitabu kile kilikuwa kinamwangalia. Akakifunika kwa kitambaa. Haikusaidia. Akakigeuza kikatazama ukuta. Ikawa vibaya zaidi, maana mgongo uliobanduka sasa ndio uliokuwa mbele.

Jumatano ya wiki ya maonyesho akasema atakifuta vumbi tu. Si vizuri kuwaletea wageni kitu chenye vumbi. Alipokifuta akaona gundi ya zamani, ya kiwandani, imekauka na kugeuka chengachenga zinazokula karatasi. Akasema ataiondoa hiyo gundi tu, basi, ataachia hapo. Alipoiondoa, kurasa zikalegea zote. Sasa ataziachaje? Zingepotea! Akazishona. Na mtu akishashona kurasa, mgongo unabaki wazi kama mtu aliyetoka nje bila shati, kwa hiyo mgongo nao akaushughulikia. Akakata karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, akaipaka chai iliyokolea mpaka ikafanana rangi na zile za zamani, akaziba kwayo kila mchaniko, bundi mmoja mmoja. Jalada la zamani akalirudisha juu ya kitambaa kipya, asionekane mtu aliyepita hapo.

Ijumaa saa tisa alikitoa kwenye mbao za kubania, akakifungua. Kilifunguka taratibu, kikalala bapa, kimya. Mama Gundi alikaa akakitazama kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu siku aliyojifungua mwanawe. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Hata yeye mwenyewe, kwa miwani na kwa taa, alitafuta mahali alipounga asipaone.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulikuwa umependeza. Juu ya mlango walitundika kitambaa kirefu kilichoandikwa MCHEZA KWAO HUTUNZWA. Rafu zilikuwa zimesukumwa pembeni, kuta zimejaa picha. Katikati yupo mchonga vyuma, jamaa mmoja mwenye sauti ya honi, anapanga wanyama aliowaunda kwa spana na minyororo ya baiskeli. Meza ya Mama Gundi ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na mashine ya fotokopi. Alikuwa ameitandika kitambaa cheupe, akapanga vitabu kumi na viwili, vyote alivyovishona mwenyewe.

Brashi akaja na ngazi begani, akasimama, akahesabu kwa macho.

"Dada. Kile kibovu kiko wapi?"

"Kipi?"

"Usinichezee. Cha ndege."

Mama Gundi akakigusa kile cha katikati kwa ncha ya kidole. "Nimekishona."

Brashi akaiweka ngazi chini polepole, kama mtu anayeogopa kuivunja kichwani mwa mtu. "Umekishona."

"Kilikuwa kinateseka."

"Kinatese... Dada! Kitabu hakiteseki! Wewe ndiye utakayeteseka, getini, unapekua mikoba ya watu! Angalau ulikipiga picha kabla? Moja tu? Kwa simu?"

"Nikipige picha kikiwa katika hali ile? Wewe ungekuwa umelazwa hospitali, hujitambui, nguo zimekuvuka, ungependa nikupige picha?"

"Kama ingeniokolea chumba changu, ndiyo! Piga hata mbili!"

Watu waligeuka kuwatazama. Mama Gundi akajinyoosha kitambaa chake cha kichwa. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Na kizuri chajiuza."

"Kinajiuza kikiwa kinaonekana," Brashi akamjibu, akaondoka na ngazi yake, amenuna.

Milango ikafunguliwa saa nne. Watu waliingia kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, wakajazana kwenye picha za Brashi, wakawapapasa wanyama wa vyuma, wakacheka, wakabishana. Wachache wakafika mpaka meza ya mwisho. Mama mmoja akauliza kama vitabu vinauzwa. Bwana mmoja akachukua kile cha hesabu, akavuta kiti, akaanza kusoma, na alipofika ukurasa alioutaka akalamba kidole akafungua mbele. Kijana mmoja akaweka soda yake juu ya kitambaa cheupe ili apate nafasi ya kupiga picha za mnyama wa vyuma. Wengine wote walimuuliza choo kiko wapi.

Mama Gundi aliwaelekeza choo. Alitaka kuwaambia, hebu shikeni hiki, hiki kilikuwa maiti. Lakini maneno yalikataa kutoka. Miaka ishirini na saba ya kujificha si nguo ya kuvua kwa siku moja.

Saa sita wajumbe wa bodi wakaingia. Walikuwa watano, wakiongozwa na Mwenyekiti, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, na pembeni yake mjumbe mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni ambaye kila kitu alikitazama kama anayetafuta kosa. Mkutubi Mkuu aliwapitisha picha kwa picha. Walizisifu za Brashi. Waliwacheka wanyama wa vyuma kwa furaha ya kitoto. Mwisho wakafika kwa Mama Gundi.

"Na huyu ndiye fundi wetu wa vitabu niliyewaambia," Mkuu akasema. Alisema vizuri, kwa moyo. Alikuwa anataka afaulu.

Mwenyekiti akachukua kitabu, akakigeuza, akakirudisha. Akachukua kingine. Mjumbe mfupi akavitazama vyote kumi na viwili bila kugusa.

"Mbona hivi ni vitabu tu?" akasema.

"Nimevishona mimi," Mama Gundi akajibu. Sauti ilitoka ndogo.

"Wapi?"

Akamwonyesha. Mjumbe akainama, akaangalia, akainuka. "Sioni kitu."

Mkuu akaingilia kumwokoa. "Mama, waonyeshe kile cha ndege. Waheshimiwa, hicho nilikiona kwa macho yangu, kilikuwa hakitamaniki! Kiko wapi?"

"Hiki hapa, Mkuu."

Mkuu akakipokea. Akakifungua, akapekua kurasa za bundi, akakifunga, akatazama mgongo. Uso wake ukabadilika, kwanza akashangaa, kisha akaona haya kwa niaba yake.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Hiki siyo kile. Hiki ni kizima. Usiniletee nakala nyingine mbele ya wageni."

"Hatuna nakala nyingine! Ndicho hicho hicho!" Akamshika Mkuu kidole, mkubwa wake wa kazi, bila kufikiri, akakipitisha kwenye maungio ya jalada. "Hapa! Hapa ndipo palipokuwa pamepasuka. Unasikia?"

"Sisikii kitu, mama."

"Basi ndiyo kazi yenyewe!"

Wajumbe wakatazamana. Mjumbe mfupi akatabasamu, akasema kwa utani, na utani wa aina hiyo ndio unaoua: "Sasa kama vitabu vyetu vyote ni vizima namna hii, kitengo cha ukarabati cha nini?"

Wakacheka, hata Mwenyekiti kidogo. Wakaanza kugeuka.

Loo! Mtu aibe, aitwe mwizi, atavumilia. Lakini kuitwa mwongo kwa sababu kazi yako ni nzuri kupita kiasi? Mama Gundi aliona ukumbi unazunguka. Aliwachukia wote watano, akamchukia na Mkuu na upole wake, na zaidi ya wote akajichukia yeye, mjinga wa Jumatano, mjinga wa Alhamisi, mjinga wa Ijumaa. Na hapo akamsikia mdogo wake nyuma yake, karibu na sikio, anahema.

"Kichane, dada. Kichane waone."

"Siwezi."

"Wanaondoka."

Ni kweli walikuwa wanaondoka. Mjumbe mfupi alikuwa tayari anatazama saa.

Kisu chake kidogo kilikuwa mfukoni kama kila siku. Alikitoa. Akakishika kitabu cha ndege kwa mkono wa kushoto, akaingiza ncha pale ambapo yeye peke yake alipajua, akavuta kutoka juu mpaka chini. Halafu akaweka kisu mezani, akashika majalada mawili, akayatenganisha kwa nguvu zake zote.

Sauti ile kila mtu ukumbini aliisikia. Mjumbe mfupi akapiga kelele, "Ebo! Mali ya umma hiyo!"

"Mali ya umma, naijua kuliko wewe!" Mama Gundi akasema, na sasa sauti ilikuwa imetoka, yote, ya miaka yote. "Tazama! Huu uzi ni wangu! Nimeupaka nta mwenyewe. Hii karatasi nimeipaka chai ifanane na ya zamani, ili mwanao akifungua asijue kama kuna mtu alikaa siku tatu anamsubiri bundi mmoja akauke! Hili tundu, hili, hili, yote nimetoboa kwa sindano. Mnasema hamuoni. Haya, oneni!" Alikuwa anachana na kuonyesha, anachana na kuonyesha, machozi yanamtiririka, kurasa zinadondoka kwenye kitambaa cheupe moja baada ya nyingine. Alipofika picha za bundi akaziacha. Akakaa.

Halafu mchonga vyuma, kwa ile sauti yake ya honi, akapiga ukelele. "Kazi hiyo! Jamani, hiyo ndiyo sanaa!"

Akaanza kupiga makofi. Watu wakaziacha picha, wakaacha wanyama wa vyuma, wakaja mbio, simu juu. Mama yule aliyeuliza kama vinauzwa alikuwa analia na hajui analia nini. Meza ya mwisho, iliyokuwa haina mtu, sasa watu walisukumana kuifikia. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. "Nimesisimka mwili mzima," akawaambia wenzake.

Mama Gundi akainua uso. "Kwa hiyo mmeona?"

"Tumeona, mama," Mwenyekiti akasema, akamshika bega. "Tumeona kweli kweli."

Wakaingia kikaoni. Brashi akamkumbatia dada yake, akamwambia imekwisha hiyo, chumba chako hicho, leo hata mimi umenifunika. Na Mama Gundi aliamini. Kwa nini asiamini? Alipoa, akanywa maji, akawaza kwamba Jumatatu asubuhi atakifumua kitabu kile chote na kukirudia tangu mwanzo, na safari hii haraka, maana njia alishaijua. Akaanza kuziokota kurasa azipange.

"Usikiguse!" Ilikuwa ni Mkutubi Mkuu, ametoka kikaoni karibu akimbie, amefurahi mpaka tai imekaa upande. "Mama, usikiguse kabisa! Kiache hivyo hivyo kilivyo!"

Akamshika mikono yote miwili.

"Bodi imefurahi, sijapata kuona. Wamesema hicho ndicho kitu kilichowagusa kuliko vyote. Wamepitisha sasa hivi, kwa kauli moja. Kitabu kitawekwa kwenye kabati la kioo, hivi hivi, na kurasa zake zilizodondoka. Na kibao kitaandikwa jina lako. Jina lako kamili!"

"Na chumba?"

"Hapo ndipo penyewe! Chumba kile kitakuwa ukumbi wa kudumu wa wasanii wa hapa kwetu. Kazi yako ndiyo ya kwanza kuwekwa. Na picha mbili za mdogo wako."

Brashi alikuwa ameshapiga makofi mara mbili kabla hajaelewa anapigia nini. Mikono ikamganda hewani.

"Sijakuelewa, Mkuu," Mama Gundi akasema taratibu. "Nitashonea wapi?"

"Kushona?" Mkuu akapepesa macho. "Aa. Kitengo, mama... lile suala liliamuliwa kama lilivyokuwa. Ulichofanya leo ni kikubwa zaidi. Wajumbe wamesema hawakujua kama tuna msanii humu ndani."

"Mna maboksi kumi na sita ya vitabu mle chumbani."

"Vitafutwa kwenye daftari."

"Na mimi?"

Mkuu akatazama viatu vyake, vilivyong'aa. "Jumatatu, getini. Mshahara ule ule." Kisha akakumbuka jambo la kumfariji. "Lakini jina lako litakuwepo, mama."

"Jina nilipewa na mama yangu," Mama Gundi akasema. "Sikuja hapa kulitafuta."

Brashi alizishusha picha zake mbili siku hiyo hiyo, akaapa hazitaingia chumba kile hata kwa mtutu wa bunduki. Dada yake akamwambia azirudishe, asiwe mjinga, wajinga wawili katika familia moja watatosha kuwaangamiza. Akazirudisha. Tangu hapo wanapoonana wanaongea habari za watoto na bei ya mafuta ya taa, na hawaongei mengine.

Getini kuna kivuli, hilo Mkuu hakudanganya. Kuna kiti, kuna meza ndogo, kuna daftari la kusaini. Mama Gundi anafungua mikoba, anatazama, anafunga. Wasomaji sasa wanamwambia ahsante kutwa nzima. Vitabu vinavyotoka anavishika kimoja kimoja, na kila anapohisi mgongo unaoanza kulegea vidole vyake vinasimama kidogo, kisha anakipitisha, maana mishono miwili ingekitosha na hana pa kuishonea. Kikirudi kimepasuka, anaelekezwa akitie kwenye boksi la kufuta. Anakitia mwenyewe, kwa mkono wake.

Mara moja kwa wiki huingia kwenye kile chumba kama mgeni. Kitabu cha ndege kimelazwa ndani ya kioo, chini ya taa ya moto, na taa inakausha gundi. Karatasi ya chai imeanza kujikunja. Bundi wawili wamebanduka tena. Amemwomba Mkuu ufunguo mara tatu, akaambiwa kwa upole ule ule kwamba kazi ya sanaa haiguswi, hata na aliyeifanya.

Juzi walikuja wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao. Akitoka choo cha wafanyakazi, alimsikia mwalimu akiwasomea kile kibao, jina lake lote, mpaka la babu yake, na kwamba mtu huyu alikichana kitabu hiki mbele ya umma. Walipokuwa wanatoka wakapanga foleni getini kwake kukaguliwa mikoba. Msichana mmoja, mwenye pengo mbele, alimfungulia mkoba wake huku bado anawaza.

"Bibi," akamwambia, "yule mtu aliyechana kitabu cha ndege, walimfunga?"

Mama Gundi akatazama ndani ya mkoba. Penseli, kandambili moja, kipande cha mkate.

"Walimfunga, mjukuu wangu," akasema.

"Miaka mingapi?"

"Mpaka atakapostaafu. Haya pita, wenzako wanakusubiri."